Farasi Aliyeuliza Katikati ya Mbio

Kuna wimbo wa Kiingereza uitwao Skewball, uliochapwa na kuuzwa kwenye karatasi za mtaani tangu karne ya 18, ambao mimi huuweka juu ya nyimbo zote za kamari nilizozisoma. Kisa chake hakina makuu. Farasi mwenye mabaka, asiyetazamiwa kushinda, anashindanishwa na farasi jike mwenye sifa kwenye uwanda wa Curragh, Kildare, nchini Ireland. Mabwana wameweka dau, na fedha nyingi zimemwelemea yule jike. Mbio zinaanza. Zikifika katikati, Skewball anafungua kinywa na kumwuliza aliyempanda: mwenzetu yuko umbali gani? Anajibiwa. Mbio zinaendelea, na waliomdharau wanarudi makwao na mifuko mitupu.

Watafiti wanazihusisha mbio hizo na mashindano ya kweli yaliyofanyika Curragh mwaka 1752, na farasi mwenyewe alikuwepo. Lakini daftari la mbio huandika mshindi, mwenye farasi na kiasi cha fedha, basi. Swali la farasi ni la mtunzi, na kila nikilirudia naona ustadi zaidi ndani yake. Mtu aliyeweka fedha zake kwenye mbio ana mambo mawili moyoni kwa wakati mmoja: anataka ziishe sasa hivi, na anaomba zisiishe. Mtunzi amelijua hilo. Pale ambapo mwingine angekimbilia mwisho, yeye anasimamisha kila kitu na kuingiza mazungumzo, na swali analompa farasi ndilo lililomkwama kooni kila mwenye dau pale uwanjani: niko mbele kiasi gani, na aliye nyuma yangu anakuja kwa kasi gani? Msikilizaji asiye na hata peni moja kwenye mbio zile anajikuta naye ana dau.

Nimekisimulia kisa hiki barazani Kikoneni, Kwale, pwani ya Kenya, kwa Kidigo, mbele ya wazee wanaoijua ngoma ya sengenya tangu ujana wao. Kusema kwa farasi hakukuwashangaza. Wanyama wamesema katika ngano zetu siku zote, na sungura hajanyamaza hata leo. Kilichowavutia ni mahali aliposemea. Mzee mmoja, aliyekuwa mwimbishaji wa ngoma miaka mingi, alisema yeye pia angelitia neno hilo hapo hapo, kwa sababu mwanzoni watu bado wanatafuta pa kusimama, na mwishoni wameshaanza kuondoka; katikati ndipo masikio yao yote yapo. Sijaona kitabu cha uhakiki kilichoeleza jambo hilo vizuri zaidi. Wimbo wenyewe umethibitisha nguvu zake kwa kusafiri. Ulivuka bahari hadi Marekani, Wamarekani weusi waliofungwa kwenye magereza ya kusini wakauimba wakiwa kazini, jina la farasi likageuka Stewball, na mwaka 1940 mwimbaji Lead Belly akaurekodi. Watu ambao hawakuwahi kuiona Kildare, wala hawakuruhusiwa kumiliki farasi, walimbeba farasi yule vinywani mwao.

Mtunzi wa Skewball hana jina. Wengi wa wenzake pia hawana. Kuanzia karne ya 16 hadi ya 19 Uingereza ilikuwa na biashara kubwa ya nyimbo zilizochapwa upande mmoja wa karatasi, zikauzwa kwa peni moja au nusu peni barabarani, sokoni, kwenye magulio na chini ya jukwaa la kunyongea watu. Juu palikuwa na picha iliyochongwa kwenye ubao, na mpiga chapa aliitumia picha ile ile kwa kisa cha leo na kwa kisa cha miaka kumi baadaye, mradi tu ilikuwa na bwana mwenye kofia. Samuel Pepys, ofisa wa jeshi la majini aliyeandika shajara maarufu ya London, alizikusanya zaidi ya 1,800, na hadi leo zimehifadhiwa katika chuo cha Magdalene, Cambridge. Bila ya mtu kama yeye tusingekuwa na cha kusoma, kwa maana karatasi hizi zilibandikwa ukutani, zikafungiwa vitu dukani, zikaisha.

Chini ya kichwa cha wimbo hapakuwa na alama za muziki. Palikuwa na mstari mmoja tu, ukisema maneno haya yaimbwe kwa mahadhi ya wimbo gani mwingine, ule ambao kila mtu aliujua. Mstari huo mmoja ni nusu ya ufundi. Mahadhi ya kuazima yanamwondolea mnunuzi kazi ya kujifunza. Anasoma ubeti wa kwanza na ulimi umeshajua njia. Lakini mahadhi hayaji matupu. Yanakuja na kumbukumbu za nyimbo zote zilizowahi kukaa juu yake. Kulikuwa na mahadhi yaliyoitwa Fortune My Foe, jina lenye maana ya Bahati adui yangu. Asili yake ni malalamiko ya mpenzi aliyetupwa na Bahati. Watunzi wa nyimbo za watu waliohukumiwa kifo wakayachukua, wakayatumia tena na tena, hata yakajulikana kama mahadhi ya kitanzi. Basi mtunzi aliyetaka kusimulia maisha ya mtu aliyeanguka hakuhitaji kutumia ubeti mzima kueleza kwamba Bahati ni kigeugeu. Aliandika mstari mmoja juu ya karatasi, na sauti ya kwanza ilipotoka watu wote walijua mtu huyu anaelekea wapi. Pwani yetu inaujua ufundi huu. Juma Bhalo wa Mombasa aliimba maneno ya Kiswahili juu ya mahadhi ya sinema za Kihindi, na waliokuwa wameiona sinema walisikia huzuni mbili kwa wakati mmoja.

Kipimo nacho kina siri yake. Ubeti uliopendwa una mistari minne: wa kwanza na wa tatu ina mikazo minne, wa pili na wa nne ina mitatu, na vina vinakaa kwenye ile mifupi. Muziki lakini unaendelea kuhesabu minne kila mstari. Kwa hiyo mwisho wa kila mstari mfupi pana nafasi ambayo sauti haipo ila kipimo kipo. Mwimbaji huvutia pumzi hapo. Katika wimbo wa kamari nafasi hiyo inafanya kazi ya pili, kwa sababu karata imeshatupwa na bado haijafunuliwa. Utenzi wetu wa mizani minane haukuachi hivyo. Unakwenda kwa mwendo mmoja hadi kina cha mwisho kisichobadilika, na ndiyo maana unafaa kubeba vita na maisha ya mitume. Kila kipimo kina kazi kinayoipenda. Wakati fulani nilijaribu kuigeuza Skewball kuwa utenzi, na mbio zikawa msafara.

Shakespeare aliwajua wauzaji wa karatasi hizi kwa karibu. Katika The Winter's Tale, mchezo uliooneshwa London mwaka 1611, mwuza nyimbo Autolycus anaingia akiimba, na kabla hajauza karatasi hata moja anawaambia watazamaji kuwa dadu na wanawake ndio waliomvisha yale matambara aliyovaa. Baadaye anauza nyimbo zake, na wanunuzi wakiwa wameduwaa kwa utamu wa wimbo anawaibia mifukoni. Naona Shakespeare amesema jambo la kweli kuhusu kazi hii. Mwenye kuimba kamari vizuri ni mtu aliyeikalia mezani. Anajua jinsi mkono unavyopata joto, jinsi mtu anavyoanza kuwasikia wenzake kwa mbali. Mwadhini hawezi kuutunga wimbo huo, wala hapaswi.

Nasema hivi kwa heshima. Mimi nimelelewa katika nyumba ambamo Sura ya Al-Maida ilisomwa, na aya ya 90 na ya 91 zinavitaja pombe na kamari kwa pamoja, zikaeleza uadui vinaouzua kati ya watu. Hilo halina mjadala. Lakini kazi ya mwimbaji ni nyingine. Kijana aliyekaa kwenye kamari anajua ni haramu. Ameambiwa tangu chuoni. Asichokuwa nacho ni mtu wa kumwonesha ule utamu kwa jina lake, bila kuuficha, kisha akamtembeza nao hatua kwa hatua hadi unapomalizikia. Nyimbo mbaya za kamari, na zipo nyingi katika makusanyo ya Uingereza, zinaanza kukemea kwenye ubeti wa kwanza. Zinamwita mchezaji mpumbavu kabla hajacheza. Vina vinalegea, mifano inakuwa ile ile, na unahisi mtunzi alilipwa kwa mstari. Nyimbo nzuri zinamwacha ashinde kwanza. Zinampa beti mbili tatu za ushindi wa kweli, zenye mwanga, marafiki na nguo mpya, na mtunzi anazitunga kwa moyo wote kama anavyozitunga za msiba. Kiitikio hakibadiliki neno hata moja. Mwanzoni kinaimbwa na mtu anayeagizia watu vinywaji, mwishoni na mtu asiye na koti, na ni maneno yale yale.

Kisa kilichofunua nguvu ya biashara hii ya karatasi, na udhaifu wake pia, ni cha mwaka 1823. John Thurtell, mtoto wa mfanyabiashara wa Norwich, mtu wa ngumi na wa meza za kamari, alikuwa amepoteza kiasi cha paundi 300 kwa wakili mmoja aitwaye William Weare, akaamini ameibiwa mchezoni. Tarehe 24 Oktoba alimwalika Weare shamba, karibu na kijiji cha Radlett, Hertfordshire, eti wakapumzike na kuwinda. Njiani, gizani, akampiga risasi. Haikumwua, naye akammaliza kwa kisu na kwa bastola yenyewe. Maiti ikatupwa bwawani. Wenzake Thurtell wawili walikuwa William Probert, mwenye nyumba waliyokuwa wakiiendea, na Joseph Hunt, ambaye alikuwa mwimbaji. Usiku ule ule walikaa kula nyama ya nguruwe, na Hunt akaimba. Habari hiyo ilitoka mahakamani, na ndiyo iliyowakasirisha Waingereza kuliko hata kisu. Thurtell alinyongwa Hertford tarehe 9 Januari 1824. Hunt alipelekwa uhamishoni Australia. Probert, aliyewatolea wenzake ushahidi akaachiwa, alinyongwa mwaka uliofuata kwa wizi wa farasi.

London iliwaka. James Catnach, mpiga chapa wa mtaa wa Seven Dials, aliendesha mashine zake mchana na usiku. Charles Hindley, aliyeandika maisha ya Catnach, anasimulia kuwa karatasi robo milioni zilitoka kwa muda wa kama juma moja. Ukumbi wa Surrey ulitunga mchezo ulioitwa The Gamblers, yaani Wacheza Kamari, ukanunua farasi na kigari kile kile alichopandishwa marehemu na kuvileta jukwaani, na kesi bado haijaamuliwa. Katika maneno yote yaliyotungwa siku zile, ubeti mmoja ulibaki midomoni mwa watu kwa miaka mingi, na Sir Walter Scott, aliyekuwa na sikio kali kuliko wote wa zama zake, aliupenda kupita kiasi. Ukiupima unaona kwa nini. Katika mistari minne mifupi unataja jinsi koo lilivyokatwa, jinsi kichwa kilivyopondwa, jina la marehemu, na kisha, kwa utulivu kabisa, mahali alipokuwa akiishi mjini. Anwani ndiyo inayofunga ubeti. Damu imetangulia, na baada ya damu linakuja jambo dogo la kila siku, mlango ambao mtu huyu aliufunga asubuhi kwa nia ya kurudi. Kumpa marehemu anwani baada ya kumwua ni ufundi mkubwa.

Hata hivyo, karatasi za Thurtell nilizozisoma zinaniacha na njaa. Zinaikimbilia damu. Meza ambayo paundi 300 zilipotelea haionekani, wala usiku ambao Thurtell alitoka akiwa amekwisha, akawa anahesabu upya kila karata aliyoitupa. Biashara ilidai haraka. Mpiga chapa alitaka karatasi kabla ya jirani yake, na mara nyingi wimbo wa kuaga wa mtu wa kunyongwa ulichapwa mtu mwenyewe bado yu hai. Hapo ndipo namkumbuka Siti binti Saad wa Zanzibar. Siti, mzaliwa wa Fumba, aliyefika mjini mwaka 1911 na kwenda Bombay kurekodi santuri mwaka 1928, alikuwa na wimbo uitwao Kijiti, uliotungwa kuhusu mauaji ya kweli ya mwanamke mgeni aliyetoka Dar es Salaam. Mwuaji alitoroka, na adhabu ikawaangukia wengine. Wimbo huo ni habari ya mtaani kama zile za Catnach, lakini mtunzi hakusimama kwenye maiti. Alitaka watu wafikirie nani aliadhibiwa na nani alikwenda zake, na wanawake wa Ng'ambo, mjini Zanzibar, walioimba pamoja naye walijua hasa anachosema. Kati ya karatasi robo milioni na santuri moja, najua ipi ningeiokoa nyumba ikishika moto.

Katika karatasi za Uingereza zipo pia nyimbo za kamari ambazo hazina kamari ndani yake. Kijana na msichana wanakutana njiani, wanazungumza, msichana anasema anajua mchezo wa karata, wanakaa kando ya njia na kucheza. Kila karata inayotupwa ina maana yake. Msomaji wa Pwani, aliyelelewa na mafumbo ya taarab, haelezwi zaidi. Kinachonipendeza mimi ni uaminifu wa mtunzi kwa mchezo wenyewe: karata zinatoka kwa utaratibu sahihi, na mtu anayejua mchezo anaweza kuufuata mkono hadi mwisho. Fumbo linasimama kwa sababu upande wake wa juu ni mzima.

Uaminifu huo huo umo katika kisa cha askari Richard Middleton, kilichouzwa mitaani London kwa miaka mingi. Middleton anakamatwa kanisani Glasgow kwa kukunjua karata wakati wenzake wamefungua vitabu vya sala. Mbele ya meya anajitetea kuwa karata ndizo kitabu chake. Ree inamkumbusha Mungu mmoja. Karata zote ni 52, majuma ya mwaka. Zenye picha ni 12, miezi. Na madoa yote anayahesabu 365. Anapita karata moja moja, akimruka ghulamu, hadi meya anamwuliza mbona huyo humtaji. Kwa Kiingereza cha zamani karata hiyo huitwa jina la mtu laghai, na askari anajibu kuwa laghai mkubwa anayemjua ni yule aliyemleta pale. Anaachiwa huru. Mwaka 1948 mwimbaji T. Texas Tyler alikisimulia kisa hiki upya kwenye santuri ya Marekani, na kikauzwa sana. Aliyekitunga alikuwa na subira ya kukaa na karata mkononi akitafuta maana ya kila moja, wala hakulazimisha.

Huku kwetu mchezo wenye heshima ya kutungiwa ni bao. Kete 64, mashimo 32, kila mtu na nyumba yake, kwanza namua kisha mtaji, na wazee wa Kikoneni wanaweza kumaliza alasiri nzima juu yake bila senti moja kubadilisha mikono. Kinachowekwa dau ni jina. Muyaka bin Haji wa Mombasa, ambaye inasemwa aliyatoa mashairi msikitini akayaleta sokoni, alitunga juu ya bao zama za vita kati ya mji wake na Zanzibar, na mwenye kuujua mchezo akisoma anaona kete zikitembea huku akisikia mji unagombana. Tungo zake zingepotea kama karatasi za Uingereza kama Mwalimu Sikujua asingezikusanya na kuzieleza. Zilichapwa kitabuni mwaka 1940, naye mtafiti M. H. Abdulaziz akazichambua upya mwaka 1979. Muyaka hakuwa na mpiga chapa wa kumharakisha. Alikuwa na wasikilizaji ambao wangemrekebisha mtaji wake papo hapo kama angekosea.

Sasa kamari imekuja Kikoneni kwa njia nyingine. Mtu hahitaji kukaa mezani na mtu. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007 fedha zimo ndani ya simu, na kampuni za kubeti zilipokuja zilikuta mlango wazi. Pale kituo cha bodaboda vijana wanaosubiri abiria wa kwenda Msambweni au Lunga Lunga wanaijua ligi ya Uingereza timu kwa timu, hata zile ambazo hakuna atakayezitazama, na wengine wanaitazama ile ndege ya mchezo wa kubeti kwenye skrini, inayopaa na kutoweka. Serikali ya Kenya imehangaika na kamari hiyo: Aprili 2025 bodi ya kamari ilisimamisha matangazo kwa siku 30, na Agosti mwaka huo sheria mpya ikasainiwa kuchukua nafasi ya ile ya 1966. Matangazo hayo yana nyimbo, na zimetungwa na watu wanaojua kazi. Zinaishia kwenye ule ubeti wa ushindi, wenye mwanga na nguo mpya. Beti zinazofuata hazijaandikwa, na hilo linanisumbua, kwa sababu nawajua vijana wanaoziishi.

Hatukosi zana. Nzumari ipo, ngoma zipo, waimbishaji wapo, na vikundi vya akina mama vinatunga kila wiki kwa ajili ya harusi na mikutano. Lugha yenyewe imeshatangulia. Orodha ya mechi anazozibashiri mtu huitwa mkeka, na timu moja ikimwangusha husema mkeka umechanika. Hesabu: m-ke-ka, u-me-cha-ni-ka. Mizani minane kamili. Kijana aliyepoteza ada ya pikipiki anatamka kipande kizima cha shairi bila kujua, na kina chake ni -ka, chepesi kuliko vyote. Wepesi huo ndio unaonitia wasiwasi. Mashaka, haraka, kuanguka, kudhikika, vyote vinakuja mbio, na mtunzi asiyejizuia ataandika beti kumi za maombolezo kabla ya kumwonesha mtu wake akifurahi hata mara moja. Nasita pia kwa sababu mkeka, kwa akina mama wa huku, ni kitu cha kukaliwa na kulaliwa, kimesukwa kwa mikono kwa siku nyingi, na si kila mmoja atapenda kuusikia ukichanwa bure.

Kipande cha pili nilikipata kwa kuwasikiliza wakiweka fedha. Shilingi hamsini tu. Shi-li-ngi, ha-m-si-ni, tu. Minane tena, na neno la mwisho ndilo linaloikamilisha. Liondoe, mizani inapungua mmoja na mtu hawezi kubeti. Vina vya -tu ni vichache zaidi na vizito: mtu, kitu, watu, kwetu, utu. Nilivipeleka vyote viwili kwa mama mmoja anayetungia kikundi cha ngoma huku kwetu, ambaye wanawe wawili wako kituoni. Alivirudia kimoja kimoja akigonga kidole gotini. "Hiki cha mkeka kaa nacho wewe, mwanangu," akaniambia. "Mimi nipe hicho cha hamsini." Ameshakitafutia mahadhi ya wimbo wa harusi unaojulikana na kila mtu hapa, ule wa kumpokea bwana harusi, na ana beti tatu, zote za siku kijana aliposhinda.